Kusawazisha picha ghafi za darubini ya Hubble kwa laptopu yako: mwongozo kamili, kuanzia kupakua hadi kupima nyota

Wengi hapa Nairobi wanaojaribu kusawazisha picha ghafi za Hubble, yaani kuondoa athari za kamera ili ubaki mwanga wa nyota peke yake, hukwama mahali palepale. Programu inakubali amri, inatembea kidogo, kisha inazimika ikisema faili fulani haionekani. Wengine wanamaliza kazi bila onyo lolote, picha inapendeza, lakini wakipima nyota wanapata magnitudo (kipimo cha mng'ao wa nyota) iliyokosea kwa nusu nzima. Hili la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu hakuna kinachokuambia umekosea.

Karibu makosa yote hutokea kabla programu haijawashwa. Ndiyo maana hatua za mwanzo hapa ni ndefu kuliko ile ya kuwasha programu yenyewe.

Tutatumia kamera moja ya Hubble, WFC3, upande wake wa UVIS, unaopokea mwanga wa urujuanimno na unaoonekana kwa macho. Kichujio kimoja, F606W. Na nyota moja, GD153. Nyota hiyo ni kibete cheupe katika kundinyota la Coma Berenices, na ni mojawapo ya nyota ambazo Hubble huzirudia mara kwa mara ili kuhakiki vipimo vyake. Picha za kazi hiyo hazifungiwi kwa mtafiti yeyote. Zikifika kwenye hifadhi ya MAST, mtu yeyote anaweza kuzipakua siku hiyohiyo, hata kama mawingu ya Julai yamefunika anga lote la jiji.

## Vinavyohitajika

Laptopu. RAM ya GB 8 inatosha kwa zoezi hili. Ukitaka kushughulikia picha nzima za kamera, GB 16 itakupunguzia kusubiri. Mfumo uwe Linux au macOS. Kama una Windows, weka WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows) kwanza, kisha fanya kila kitu ndani yake. Programu ya calwf3, ndiyo itakayosawazisha picha, haikutengenezwa kwa Windows moja kwa moja, na watu hupoteza wikendi nzima wakijaribu kuilazimisha.

Nafasi ya diski. GB 30 zilizo wazi. Ukinunua diski ya nje mjini, ijaze faili kubwa na uzisome tena kabla ya kuiamini. Kuna diski zinazotangaza ukubwa zisizokuwa nao, na data ya ziada hupotea kimyakimya.

Bando. Hapa watu hupiga hesabu vibaya. Picha ghafi ya UVIS nzima ina takriban MB 35. Ikishasawazishwa hufika takriban MB 168, kwa sababu kila pikseli sasa ina thamani, kosa la kipimo na alama ya ubora. Lakini kinachomaliza bando ni faili rejea, yaani picha za kamera yenyewe ambazo programu huzitumia kusahihisha yako: baiasi (kiwango cha msingi), giza (joto la kitambuzi) na mwanga sawa (tofauti za pikseli zikimulikwa sawasawa), kila moja ikikaribia MB 170. Hata ukichukua kipande kidogo cha picha chenye chini ya MB 1, faili rejea zake bado ni zile kubwa. Tenga GB 5 kwa siku ya kwanza, pamoja na programu zenyewe.

Ukitaka kuendelea na picha nyingi, chagua zilizopigwa wiki moja kwa kichujio kimoja. Zitashiriki faili rejea, na hutapakua upya.

Stima isiyokatika, angalau kwa saa mbili. Betri ya laptopu pekee haisaidii kama kisanduku cha Wi-Fi kinazima. Faili iliyokatika katikati ya kupakuliwa huonekana ya kawaida kwenye folda, kisha huleta matatizo baadaye.

## Programu inafanya nini hasa

Muuzaji wa unga mwaminifu huondoa kwanza uzito wa chombo, ndipo asome mizani. Calwf3 hufanya hivyo mara kadhaa, kwa mpangilio huu:

- hutia alama pikseli mbovu (DQICORR);
- huondoa kiwango cha msingi kinachosomwa hata bila mwanga, kwa kutumia ukingo wa kitambuzi usiopokea mwanga (BLEVCORR), kisha huondoa mabaki ya umbo lake kwa picha ya baiasi (BIASCORR);
- huondoa mwanga mdogo wa taa ya ndani, kama uliwekwa kwa makusudi (FLSHCORR);
- huondoa elektroni zinazozalishwa na joto la kitambuzi chenyewe (DARKCORR);
- hugawanya kwa picha ya mwanga sawa, na papo hapo hubadilisha hesabu za kompyuta kuwa elektroni (FLATCORR);
- huandika namba za kubadilisha elektroni kuwa mng'ao halisi (PHOTCORR), na kulinganisha vitambuzi viwili vya kamera (FLUXCORR).

Shika sana hilo la tano. Ubadilishaji wa vipimo umefichwa ndani ya FLATCORR. Anayeizima akidhani anaruka urembo tu, anabaki na hesabu za kompyuta badala ya elektroni.

## Hatua ya 1: Tengeneza mazingira ya kazi

Kwenye terminali, baada ya kuweka conda (chombo cha kusakinisha programu):

```
conda create -n hst python=3.11
conda activate hst
conda install -c conda-forge hstcal
pip install wfc3tools astroquery crds photutils
mkdir -p ~/gd153/kazi ~/gd153/hifadhi
```

Folda mbili zina sababu. `hifadhi` itabeba picha iliyosawazishwa na wenyewe, usiyoigusa kamwe. `kazi` ndiyo utakayoharibu na kurudia. Anayechanganya hizo mbili hupoteza kitu pekee cha kujilinganisha nacho.

Utajua imekubali: andika `calwf3.e` peke yake. Ikikujibu kwa maelezo ya matumizi, sawa. Ikisema amri haijulikani, umesahau `conda activate hst`. Lazima uirudie kila unapofungua terminali mpya.

## Hatua ya 2: Pakua picha

Ndani ya Python:

```
from astroquery.mast import Observations
obs = Observations.query_criteria(
    obs_collection='HST', project='HST',
    instrument_name='WFC3/UVIS',
    target_name='GD*153*', filters='F606W')
prod = Observations.get_product_list(obs[:3])
Observations.download_products(prod,
    productSubGroupDescription=['RAW', 'FLT'])
```

Alama za kinyota (*) zilizo kwenye `GD*153*` ziko pale kwa sababu jina la nyota halikuandikwa namna moja na kila aliyeomba muda wa darubini.

Usiondoe `[:3]`. Bila hiyo utaanza kupakua picha za miaka mingi.

Majina yataonekana ya ajabu mwanzoni. Faili ya WFC3 huanza na herufi i, ikiwa na herufi na tarakimu tisa kabla ya mstari wa chini. `_raw` ni ghafi, `_flt` imesawazishwa. Zinazoanza na `hst_` ni za mfululizo mwingine; ziache.

Nakili `_raw.fits` moja kwenye `kazi`, na `_flt.fits` ya jina hilohilo kwenye `hifadhi`. Kisha hakikisha zimefika nzima:

```
from astropy.io import fits
fits.info('jina_raw.fits')
```

Ukiona onyo kwamba faili huenda imekatwa na urefu wake ni mdogo kuliko unaotarajiwa, ifute uipakue upya. Usijaribu kuitengeneza.

## Hatua ya 3: Soma kichwa cha faili kabla ya kugusa chochote

Kila faili ya FITS ina kichwa, yaani orodha ya maneno na thamani zake. Dakika tano za kukisoma zitakuokoa.

```
h = fits.getheader('jina_raw.fits', 0)
for k in ['TARGNAME', 'FILTER', 'APERTURE', 'EXPTIME',
          'DATE-OBS', 'TIME-OBS', 'CRCORR', 'PCTECORR',
          'DARKFILE', 'BIASFILE', 'PFLTFILE']:
    print(k, h.get(k))
```

APERTURE. Kwa zoezi la kwanza tafuta yenye C512 ndani ya jina, mfano `UVIS2-C512C-SUB`. Ni kipande kidogo cha pikseli 512 hivi kila upande, kwenye kona ya kitambuzi karibu na amplifaya, kifaa kinachosoma elektroni za pikseli. Ukaribu huo ni muhimu. Elektroni husogezwa safu kwa safu hadi kwenye amplifaya, na kitambuzi kilichokaa angani tangu 2009 kimejeruhiwa na mionzi kiasi kwamba baadhi ya elektroni hukwama njiani. Safari ikiwa fupi, upotevu ni mdogo. Kipande cha kona pia kina ukingo usiopokea mwanga, kwa hiyo BLEVCORR inapima kiwango cha msingi kutoka kwenye picha yenyewe. Vipande vya katikati havina ukingo huo, na programu hulazimika kutumia thamani ya jumla kutoka kwenye jedwali.

EXPTIME. GD153 ni angavu mno kwa Hubble, hivyo tarajia muda mfupi sana. Andika namba hii pembeni, utaihitaji mwishoni.

TIME-OBS. Huu ni muda wa UT, nasi Nairobi tuko saa tatu mbele. Ukiona 18:00, hapa ilikuwa 21:00, yaani saa tatu usiku. Ukiona 21:30, hapa ilikuwa tayari saa sita na nusu usiku, na tarehe imegeuka. Mtego unawapata hasa wanaofikiri kwa saa za Kiswahili na kuandika kwa saa za kompyuta. Kwenye daftari lako andika UT peke yake, na usichanganye. Faili ya giza huchaguliwa kwa tarehe, na siku moja ya makosa inaweza kukupeleka kwenye faili isiyo yako.

CRCORR na PCTECORR. Hizi ni swichi za hatua: PERFORM ni kufanya, OMIT ni kuruka. Haya mawili utayazima kwa sasa:

```
fits.setval('jina_raw.fits', 'CRCORR', value='OMIT')
fits.setval('jina_raw.fits', 'PCTECORR', value='OMIT')
```

La kwanza huondoa miale ya kosmiki kwa kulinganisha picha mbili au zaidi, nasi tuna moja. La pili hurejesha elektroni zilizokwama, kazi nzito inayoweza kuifanya laptopu ivume kwa muda mrefu. Tutairudia baadaye, msingi ukishasimama. Mengine yote yaache kama yalivyo.

## Hatua ya 4: Leta faili rejea sahihi

Hapa ndipo wengi huanguka, na wengi wa wanaovuka huvuka kwa bahati.

Ujue kwanza faili hizi zinatoka wapi. Hubble huzunguka dunia kila baada ya dakika 95 hivi, na sehemu ya mzunguko huo dunia huziba kile kinachotazamwa. Muda huo haupotei: shata ikiwa imefungwa, kamera hupiga picha za baiasi na za giza. Picha nyingi za giza huunganishwa kupata faili moja ya rejea inayohusu siku chache tu.

Kwa nini siku chache? Kwa sababu mionzi huzaa pikseli moto, zinazoonyesha mwanga usiokuwepo, kila siku. UVIS hufanya kazi kwenye nyuzi 83 chini ya sifuri, na takriban kila mwezi hupashwa joto hadi nyuzi 20 ili baadhi ya pikseli hizo zipone, kisha kupozwa tena. Faili ya giza iliyotengenezwa kabla ya kupashwa, ikitumiwa kwa picha iliyopigwa baada yake, itatoa mwanga kwenye pikseli zilizokwisha kupona na kuacha moto kwenye zilizozaliwa juzi. Picha itajaa vidoti vyeusi na vyeupe. Anayeviona hudhani kamera ni mbovu, kumbe tarehe hazioani.

Kwa hiyo usiazime faili ya giza kutoka kwa mwenzako aliyesawazisha picha ya mwezi mwingine, hata kama bando limekubana. Ya mwanga sawa mnaweza kushiriki, mradi kichujio ni kimoja na CRDS, mfumo unaochagua na kutoa faili rejea, unaitaja kwa jina lilelile.

Kwenye terminali:

```
export CRDS_SERVER_URL=https://hst-crds.stsci.edu
export CRDS_PATH=$HOME/crds_cache
export iref=$HOME/crds_cache/references/hst/wfc3/
cd ~/gd153/kazi
crds bestrefs --files jina_raw.fits --sync-references=1 --update-bestrefs
```

Amri ya mwisho inafanya mambo matatu. Inauliza ni faili zipi zinazofaa tarehe na hali ya picha yako, inaandika majina yake kwenye kichwa cha picha, na inazipakua. Ukiacha `--update-bestrefs`, faili zitapakuliwa lakini picha itaendelea kutaja za zamani. Ukiacha `--sync-references=1`, picha itataja faili usizokuwa nazo.

Mkwaju wa mwisho wa `iref`. Angalia tena mstari wa tatu: unaishia na `/`. Majina kwenye kichwa huandikwa kwa mtindo wa `iref$xxxxx_drk.fits`, na programu huunganisha njia na jina bila kuongeza chochote katikati. Mkwaju ukikosekana, itatafuta `wfc3xxxxx_drk.fits`, isiione, na izimike. Hili peke yake linaweza kula saa nyingi kuliko makosa mengine yote.

Terminali mpya husahau. Mistari ya `export` inaishi kwenye dirisha moja tu. Ukishaona inafanya kazi, iweke kwenye `~/.bashrc`, au `~/.zshrc` kwa macOS.

Utajua imekubali: soma upya DARKFILE kwenye kichwa cha picha, kisha:

```
ls -lh $iref
```

Jina ulilosoma liwe kwenye orodha. Ukubwa wa faili za baiasi, giza na mwanga sawa ukaribie MB 170. Ukiona ya giza ina MB 40, stima au bando lilikatika: ifute hiyo moja na urudie amri ya crds. Haitarudia zilizokamilika.

Ukiona N/A mahali pa jina la faili, maana yake hatua hiyo haihitaji faili kwa picha yako. Hilo ni sawa.

## Hatua ya 5: Washa calwf3

```
calwf3.e jina_raw.fits
```

Kwa kipande cha C512, kazi huisha upesi. Utapata `jina_flt.fits` na kumbukumbu ya kazi, `jina.tra`.

Ukirudia, futa kwanza `jina_flt.fits` ya awali na faili zozote zenye `_tmp`. Calwf3 haiandiki juu ya faili iliyopo, husimama. Huu ndio mlinzi wa data yako, usikasirike nao.

Fungua `.tra` usome hata kama kila kitu kimeenda vizuri. Ina orodha ya kila hatua na faili iliyotumika.

## Hatua ya 6: Kagua kwa namba

Picha nzuri machoni si ushahidi. Fanya majaribio haya manne, na usiendelee hadi yote yapite.

Jaribio la kwanza: hatua zimekamilika? Kwenye kichwa cha `_flt`, BLEVCORR, BIASCORR, DARKCORR, FLATCORR na PHOTCORR ziseme COMPLETE. Yoyote ikisema bado PERFORM, unatazama faili ya ghafi bila kujua.

Jaribio la pili: vipimo. Neno BUNIT kwenye kichwa cha SCI (sehemu ya faili yenye picha yenyewe) liseme ELECTRONS. Likisema COUNTS, FLATCORR haikufanyika. Elektroni ni takriban mara 1.55 ya hesabu za kompyuta, na kwa magnitudo tofauti hiyo ni 0.48. Hii ndiyo ile nusu magnitudo iliyotajwa mwanzoni. Ukikosea kwa kiasi hicho hasa, usitafute kwingine.

Jaribio la tatu: anga tupu.

```
import numpy as np
s = fits.getdata('jina_flt.fits', 'SCI', 1)
q = fits.getdata('jina_flt.fits', 'DQ', 1)
print(np.median(s[q == 0]))
```

Kwa muda mfupi, thamani ya katikati ya anga inapaswa kuwa karibu na sifuri, elektroni chache tu juu au chini. Ukipata elfu mbili na zaidi, kiwango cha msingi hakikuondolewa. Ukipata namba hasi kubwa, kitu kimeondolewa mara mbili. 

Jaribio la nne: linganisha na hifadhi. Hili ndilo lenye uzito kuliko yote.

```
b = fits.getdata('../hifadhi/jina_flt.fits', 'SCI', 1)
d = s - b
print(np.nanmin(d), np.nanmax(d))
```

Ukitumia faili rejea zilezile na toleo lilelile la programu, tofauti ni sifuri au tarakimu ndogo kabisa za ukadiriaji wa kompyuta. Ikiwa si sifuri, weka vichwa viwili kando kwa kando: DARKFILE, BIASFILE, PFLTFILE na CAL_VER. Mara nyingi utakuta DARKFILE mbili tofauti, na vidoti vya `d` vikiwa vimesambaa bila mpangilio. Tofauti ikiwa ni mteremko laini au umbo la vumbi, shuku mwanga sawa. Ikiwa ni namba moja kila mahali, shuku kiwango cha msingi.

### Alama za ubora zisomwe hivi

Kila pikseli ya DQ (sehemu ya faili yenye alama za ubora) hubeba jumla ya alama. 4 ni pikseli mbovu, 16 ni pikseli moto, 256 ni iliyojaa hadi pomoni. Pikseli yenye 272 ni moto na pia imejaa, kwa kuwa 16 na 256 zimejumlishwa. Kwa hiyo `q == 256` itaikosa. Andika `(q & 256) > 0`.

Na usiyatupe yote yasiyo sifuri unapopima nyota. Baadhi ya alama ni tahadhari tu, na pikseli ukiitoa ndani ya duara la kupimia, mwanga wake unatoweka pamoja nayo. Jaribio la tatu lilitumia `q == 0` kwa sababu anga lina pikseli tele za kubaki. Kitovu cha nyota hakina.

## Hatua ya 7: Pima nyota

Kwanza, je, imejaa? Tazama alama ya 256 kwenye pikseli za kitovu. Pikseli ya UVIS hujaa ikikusanya elektroni elfu sitini na zaidi kidogo, na F606W hupitisha mwanga mwingi. Kwa nyota hii sekunde kadhaa zinatosha kujaza. Ikiwa imejaa, chagua picha nyingine yenye muda mfupi zaidi.

Kisha, kwa photutils (maktaba ya Python ya kupima nyota), jumlisha elektroni ndani ya duara la nusu-kipenyo pikseli 10, yaani takriban sekunde-tao 0.4. Ondoa anga lililopimwa kwenye pete ya nje, mbali na nyota. Jumla hiyo iite F.

Namba ya kubadilishia inatokana na PHOTFLAM na PHOTPLAM. Kama hazipo kwenye kichwa kikuu, zipo kwenye kichwa cha SCI:

```
Z = -2.5*np.log10(PHOTFLAM) - 5*np.log10(PHOTPLAM) - 2.408
m = Z - 2.5*np.log10(F / EXPTIME / 0.91)
```

Z kwa F606W itakaribia 26.1. Ile 0.91 ipo kwa sababu duara la pikseli 10 hushika takriban asilimia 91 ya mwanga wa nyota kwa kichujio hiki. Uliobaki umetawanyika nje ya duara. Ukiisahau, nyota itaonekana hafifu kwa magnitudo 0.1.

Utajua umefaulu: elektroni zikaribie laki moja kwa sekunde, na magnitudo ikae kati ya 13 na 14. Ukipata 11 au 10, hukugawanya kwa EXPTIME. Muda wa sekunde 10 peke yake hukosesha magnitudo 2.5 kamili. Kwa muda unaokaribia sekunde moja kosa hilo halionekani kabisa, na litakungoja kwenye picha nyingine.

Pima picha ya pili ya ziara ileile, yaani iliyopigwa katika zamu hiyohiyo ya darubini, na ulinganishe. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia moja au mbili, tazama duara lako pikseli kwa pikseli: mwale wa kosmiki ukiangukia ndani, huongeza mwanga ambao si wa nyota. Pikseli moja kali yenye ncha, isiyo na mteremko laini pembeni, ndiyo dalili.

Kuna jambo moja la kurekebisha ukitaka usahihi wa chini ya asilimia hizo. Njia ya mwanga ndani ya kamera hupindisha picha, kwa hiyo pikseli za kona moja hazifuniki eneo la anga sawa na za kona nyingine. Kwenye `_flt`, hilo hubadilisha mwanga uliopimwa kwa asilimia kadhaa kutoka mahali hadi mahali. Dawa yake ni kuzidisha SCI kwa ramani ya eneo la pikseli ya kitambuzi husika, ukikata sehemu ileile ya kipande chako. Ukikata pembeni kwa makosa, ni heri usingeitumia.

## Hatua ya 8: Rudisha elektroni zilizokwama

Sasa geuza PCTECORR iwe PERFORM, endesha tena amri ya crds kwa kuwa huenda faili za ziada zikahitajika, futa `_flt` ya awali, na uwashe calwf3. Utapata pia `_flc.fits`, ambayo ndiyo toleo lenye marekebisho hayo.

Kwa GD153 kwenye kona, `_flt` na `_flc` zitatoa karibu jibu moja. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: nyota angavu na safari fupi. Tofauti huonekana kwa nyota hafifu zilizo mbali na amplifaya. Kwenye `_flt` zina mkia mwembamba unaoelekea mbali na amplifaya, na kwenye `_flc` mkia huo hupungua sana. Kwa picha nzima ya kamera, kazi hii iache usiku laptopu ikiwa kwenye chaji.

## Picha mpya sana

Ukipakua picha iliyopigwa wiki hii, faili yake ya giza iliyo bora huenda bado haijatengenezwa, kwa kuwa picha za giza za siku hizo lazima zikusanywe kwanza. CRDS itakupa ya karibu zaidi iliyopo. Matokeo yatakuwa na pikseli moto nyingi kuliko kawaida, na si kosa lako. Weka `_raw` salama, andika jina la DARKFILE kwenye daftari, na baada ya wiki kadhaa endesha `crds bestrefs` tena. Jina likibadilika, rudia kuanzia Hatua ya 5 na upime nyota upya.